Vitunguu vidogo vya maua ya springi: panda mwezi wa kumi, majani yake usiyaguse mpaka mwezi wa sita

Kama uko Ulaya au Marekani ya kaskazini na una kabustani, hata kale kakipande ka mbele ya nyumba ambako watu wanaweka mapipa ya taka, mwezi wa tisa ukianza kuisha pita duka la bustani au hata supamaketi ya kawaida, utakuta vifuko vya wavu vimening'inia vina vitunguu vidogo vidogo vya maua ya springi (majira yanayofuata winta), vingine vimezidi punje ya karanga kidogo tu, na watu wanavipita maana nani anawaza maua wakati baridi inaanza na unatafuta koti. Sasa huo ndo wakati wenyewe. Hivi vitu vinapandwa kabla ya winta (majira ya baridi), vinakaa chini kimya, alafu vinatoka mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kipindi ambacho huku nje hamna kitu, miti mitupu, mbingu ya kijivu wiki nzima na mtu umechoka kabisa. Ukisubiri mpaka uone maua kwa jirani mwezi wa tatu ndo ukimbie dukani umeshachelewa, utauziwa yale yaliyokwisha chanua kwenye vikopo na bei yake ni nyingine.

Mi nipo Uingereza, Midlands, kwahiyo miezi ninayotaja ni ya huku. Walioko Minnesota, Toronto au Norway nimewawekea neno lao chini, na wa nyumbani Afrika Mashariki pia.

Kwanini vidogo na sio tulipu kubwa

Watu wengi wanaanza na tulipu kubwa zile nyekundu kwa sababu ndo picha wanayoijua ya Uholanzi. Sikatai, ni nzuri, ila nyingi ya tulipu hizo kubwa zinachanua vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zinatoa ua dogo, wa tatu jani tupu. Zinataka samma (majira ya joto ya huku) kavu ya joto kama huko milimani Asia ya Kati zilikotoka, na sisi huku samma yetu mnaijua. Hivi vidogo vingi havina shida hiyo. Ukiviweka mahali panapovifaa vinarudi kila mwaka, vinazaana vyenyewe chini, vingine vinamwaga mbegu, na baada ya miaka kadhaa una zulia la maua na hujatoa hela nyingine. Alafu ni vifupi, sentimita 10 mpaka 20 hivi, upepo hauviangushi.

Ila kabla hujashika jembe kuna jambo moja la kulielewa na ukishalielewa mengine yote yanajieleza. Kitunguu unachonunua mwezi wa tisa tayari kina ua ndani yake. Tayari kabisa, limeshatengenezwa, dogo sana, limekunjwa katikati. Limetengenezwa kwa chakula ambacho majani ya mwaka huu yalikitafuta kabla hayajakauka, huko shambani kwa mkulima Uholanzi au Lincolnshire huku England. Kwahiyo ua la springi ya kwanza sio lako, ni la mkulima, we umelizika tu na kulisubiri, hata ukipanda vibaya kidogo litatoka. La mwaka wa pili ndo lako, na hilo linatokana na majani utakayoyaona kwako baada ya ua la kwanza kunyauka. Ndo maana nasema kazi kubwa ya bustani hii sio kupanda, ni kuacha majani.

Na baridi? Baridi ndo inayokiambia kitunguu kwamba muda umefika. Vingi vinahitaji wiki 12 mpaka 16 za ubaridi, tuseme chini ya nyuzi joto 9 za Selsiasi hivi, ndipo shina linaweza kurefuka na kulitoa ua nje. Bila hiyo unapata jani tupu au kaua kamekwama chini chini kwenye udongo. Kwahiyo ule winta unaoulalamikia, hivi vinauhitaji.

Cha kununua

Usibebe kifuko bila kukishika. Kitunguu kizuri ni kigumu na kizito kwa ukubwa wake, ukikibonyeza hakibonyei. Kikiwa chepesi kimekauka ndani, kikiwa na ukungu wa kijani au sehemu laini achana nacho (ganda la nje kuchubuka sio ishu). Kwenye pakiti kuna namba kama 5/7 au 8/9, hiyo ni mzunguko wa kitunguu kwa sentimita, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo utapata maua mengi zaidi, pakiti ya bei chee yenye vitunguu mia mara nyingi ni vile vidogo ambavyo vingine havitachanua mwaka huo. Mwezi wa kumi na moja mwishoni maduka yanashusha bei kweli kweli ili yaondoe mzigo, na kama vitunguu bado vigumu nunua, hata mwezi wa kumi na mbili ukipanda ardhi ikiwa haijaganda vitatoka, vitachelewa kidogo tu.

Nunua vingi vya aina moja kuliko vichache vya aina nyingi. Krokasi kumi zilizotawanyika bustani nzima hazionekani. Hamsini mahali pamoja mtu anasimama njiani kuangalia, na hamsini ni paundi chache tu.

Sasa aina zenyewe. Majina ya Kilatini nayaandika kwa sababu ndo yanayokuwa kwenye pakiti na ndo yasiyobadilika ukitoka nchi moja kwenda nyingine.

Snodropu, Galanthus nivalis, ndo ya kwanza kabisa, huku kwetu mwezi wa kwanza mwishoni na wa pili, kaua keupe kameinama na katone ka kijani kwa ndani. Inapenda kivuli chepesi chini ya miti inayopukutisha majani, na udongo usiokauka kabisa. Hapa kuna mtego: vitunguu vyake vikavu vya dukani mwezi wa tisa ni bahati nasibu, maana havipendi kukaa nje ya udongo muda mrefu, na vikishakauka sana nusu havitoki. Njia ya uhakika ni kuvinunua mwezi wa pili au wa tatu vikiwa na majani yake mabichi bado, vimeng'olewa juzi, unapanda siku hiyo hiyo kwa kina kile kile vilichokuwa, utaona shina jeupe linapoishia na kijani kinapoanza, hapo ndo usawa wa udongo. Au muombe jirani mwenye nazo nyingi, baada ya kuchanua anachimbua shada moja mnagawana, na yeye zake zinafaidika kwa kupata nafasi. Kuna watu Waingereza wana wazimu na haya maua, wanakusanya aina mamia zinazotofautiana kwa kadoa tu, na mwaka 2022 kitunguu kimoja cha aina inayoitwa 'Golden Tears' kiliuzwa eBay kwa paundi 1,850. Kimoja. Mi na wewe tunanunua zile za kawaida. Ila angalia muuzaji awe anazizalisha mwenyewe au anaeleza zimetoka wapi, maana snodropu zimechimbwa sana porini Uturuki mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES, ule unaolinda mimea na wanyama walio hatarini.

Krokasi ndo ningemshauri kila anayeanza. Kuna makundi mawili, zile kubwa za Kiholanzi kama 'Pickwick' yenye mistari ya zambarau na 'Jeanne d'Arc' nyeupe, zinachanua mwezi wa tatu, na zile ndogo za mapema, mwezi wa pili, ambazo kwa maoni yangu ni bora. Tafuta Crocus tommasinianus, ya zambarau mpauko, nyembamba, ikiwa imefumba huioni kabisa, jua likitoka inafunguka na bustani inabadilika rangi. Inazaana kwa mbegu mpaka kwenye nyufa za njia. Aina za Crocus chrysanthus kama 'Cream Beauty' na 'Blue Pearl' nazo hazina longolongo. Krokasi zinafunguka kwa joto la jua na kufumba kukiwa na wingu, kwahiyo zipe sehemu inayopata jua la mchana, ukiziweka upande wa kaskazini wa nyumba utaona vichwa vilivyofumba mpaka msimu unaisha. Zile za njano shomoro wanazichanachana, hawazili, wanazirarua tu, mi sijui wana ugomvi gani nazo. Na nyuki wakubwa wenye manyoya, malkia wao wanaoamka mapema, wanakuja kwenye hizi kwa sababu chakula kingine kipindi hicho ni kidogo sana.

Najua swali linakuja, kwahiyo tulimalize: hapana, hizi sio zafarani. Zafarani ya biriani inatoka Crocus sativus, nayo inachanua mwezi wa kumi, sio springi. Usichume nyuzi za krokasi ya springi ukatia kwenye wali. Na ukiona maua ya zambarau yanayofanana na krokasi kubwa yamesimama bila jani hata moja mwezi wa tisa, hayo yanaweza kuwa Colchicum, sumu kali ya kuua mtu, usiguse kabisa kwa habari ya kula.

Muskari, Muscari armeniacum, ni vile vichane vya bluu kama vizabibu vidogo, mwezi wa nne. Hii hata usiyejua bustani huwezi kuiua, tatizo lake ni kinyume, inasambaa mpaka unaichoka, kwahiyo iweke mahali ambapo ikisambaa sio kesi, pembeni ya ukuta, chini ya vichaka. Majani yake yanatoka mwezi wa kumi wakati mengine yote yamelala, usishtuke ukadhani imechanganyikiwa, ndo ilivyo na baridi haiyadhuru. Watunza bustani wanaitumia kama alama kwa sababu hiyo hiyo, unapanda muskari tatu nne kuzunguka shada la dafodili (maua yenye kikombe katikati, mengi ya njano), otamu (majira ya majani kupukutika) ikifika majani yanakuonyesha pale chini pana kitu, hupitishi koleo katikati ya vitunguu vyako.

Sila ya bluu, Scilla siberica, mwezi wa tatu, bluu ambayo huioni kwenye maua mengine, hadi chavua yake ni ya bluu, angalia miguu ya nyuki. Jina linasema Siberia lakini kwao ni kusini mwa Urusi, Kaukasi na Uturuki. Ndugu yake ni kionodoksa kutoka milima ya magharibi ya Uturuki, nyota ya bluu yenye moyo mweupe, siku hizi wataalamu wameihamishia kwenye Scilla ila pakiti nyingi bado zinasema Chionodoxa. Zote mbili zinafaa sana chini ya miti na kwenye nyasi.

Airisi ndogo, Iris reticulata, mwezi wa pili, nzuri kupita zote kwa sura, zambarau na alama ya njano kama imechorwa. Tatizo baada ya kuchanua kitunguu kinajigawa vipande vidogo vidogo ambavyo vinachukua miaka kukua, kwahiyo watu wengi wanaiona mwaka mmoja tu. Ipande chini zaidi ya wenzake, sentimita 10 mpaka 15, kwenye udongo unaopitisha maji vizuri, au ikubali kuwa ya kwenye chungu na ununue mpya. 'Katharine Hodgkin' inavumilia kuliko nyingine.

Zilizobaki kwa haraka: dafodili fupi 'Tête-à-tête', mwezi wa tatu, sentimita 15 mpaka 20, kila shina lina maua mawili matatu na haina matatizo hata kidogo. Eranthis hyemalis, ya njano inayochanua pamoja na snodropu, na Anemone blanda, hizi mbili mizizi yake dukani inafanana na vipande vya tangawizi vilivyosahaulika kabatini, loweka kwenye maji usiku mmoja kabla ya kupanda, na kama huoni juu ni wapi panda kwa ubavu, itajitafutia. Na kama tulipu ndo roho yako inataka, chukua zile za asili, Tulipa tarda au Tulipa clusiana 'Lady Jane', ni ndogo na hizi ndo zinarudi.

Kupanda kwenyewe

Snodropu (kama umenunua zile kavu), eranthisi na airisi zinataka kuingia mapema, mwezi wa tisa au wa kumi mwanzoni. Krokasi, muskari, sila na dafodili mwezi wa kumi wote. Tulipu ziache mpaka mwezi wa kumi na moja, baridi ikishaingia ule ugonjwa wake wa ukungu unaounguza majani unapungua nguvu.

Mahali kwanza. Watu wanapanda nyuma kabisa ya bustani alafu mwezi wa pili nani anatoka kwenda huko na mvua? Simama kwenye sinki la jikoni unapooshea vyombo, angalia dirishani, unachokiona hapo ndo pa kupanda. Au pembeni ya njia ya kutokea mlangoni. Chini ya mti wa tufaha au mti wowote unaopukutisha majani ni pazuri mno, kwa sababu mti unakuwa mtupu mpaka mwezi wa nne au wa tano, jua linafika chini, vitunguu vinamaliza kazi yake kabla kivuli hakijarudi. Chini ya miti ya kijani mwaka mzima, kama ile ya Krismasi, usijisumbue.

Kinachoua vitunguu zaidi ya baridi ni maji yaliyotuama. Huku Midlands kwetu udongo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha wiki mbili unaweza kufinyanga chungu. Chimba eneo lote kwa jembe uma kina cha koleo moja, changanya mboji na kokoto ndogo ndogo kwenye udongo wote. Usiweke kokoto kama tabaka chini ya shimo tu ukadhani umetengeneza mfereji, maji yanagoma kushuka hapo udongo unapokutana na kokoto na kitunguu kinakaa kwenye tope. Kama udongo umeshindikana inua tuta sentimita 15 hivi, basi. Samadi mbichi usiweke, inaozesha.

Kina: mara mbili mpaka tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, udongo wa juu yake ndo unaoupima. Kwa hivi vidogo shimo zima linakuja sentimita 8 mpaka 10, eranthisi na anemoni sentimita 5 zinatosha. Udongo mwepesi wa mchanga ongeza kidogo, mfinyanzi punguza kidogo. Ukikosea kwa sentimita mbili usilie, krokasi zina mizizi inayojikunja na kukivuta kitunguu chini mpaka kinapopataka. Ncha inaangalia juu, upande wa mizizi chini. Nafasi kati ya kimoja na kingine upana wa vitunguu viwili vitatu, visigusane. Kwa mashada ni rahisi zaidi kuchimba shimo moja pana na kupanga vyote chini kuliko kutoboa mashimo hamsini kwa kamwiko. Rudishia udongo, bonyeza kwa mkono sio kwa kiatu, kama ni kukavu mwagilia mara moja alafu achana navyo. Mbolea wakati huu haina kazi sana, chakula kipo ndani.

Kwenye nyasi ni raha yake. Kata nyasi chini kabisa, chukua vitunguu mkononi virushe kama unalisha kuku, panda kila kimoja pale kilipoangukia. Usirekebishe! Mkono utakuwasha kutaka kuvipanga mistari, ukivipanga itaonekana kama makaburi. Vinavyofaa kwenye nyasi ni krokasi ndogo, sila, kionodoksa na snodropu, lakini kubali kwamba mashine ya kukatia nyasi haitapita hapo springi mpaka wiki sita angalau zipite tangu maua yaishe. Kama mume au mwenye nyumba ni wa wale wanaotaka nyasi kama uwanja wa mpira kila Jumamosi, panda pembeni kwenye kitanda cha maua muishi kwa amani.

Wa kwenye flati na wa nyumba za kupanga, tumieni vyungu, mkihama mnahama navyo. Chungu kiwe na matundu, kisikae moja kwa moja sakafuni, inua kwa vipande vya tofali maji yapite. Unaweza kupanga kwa tabaka, dafodili fupi chini sentimita 15, muskari juu yake, krokasi juu kabisa sentimita 8, za chini zinajipenyeza katikati ya za juu bila shida na chungu kimoja kinachanua kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne. Chungu acha nje, usikiingize ndani kwenye hita kwa huruma, nimeshasema kinahitaji baridi.

Kindi. Wale wa kijivu, ambao wenyewe ni wahamiaji kutoka Marekani, wanapenda krokasi na tulipu kama njugu. Wanavutwa na harufu na udongo uliochimbuliwa, kwahiyo okota maganda yote yaliyopukutika, usiyaache juu, alafu laza wavu wa banda la kuku juu ya sehemu uliyopanda, zika pembeni zake, vichipukizi vinapita kwenye matundu na mwezi wa kwanza ukitaka unautoa. Pilipili ya unga wanasema inasaidia, mvua ya kwanza ikinyesha imekwisha. Dafodili na snodropu hawazigusi, zina sumu na wao wanajua, muskari na sila nazo mara nyingi wanaziacha. Ukiwa na kindi wengi chagua hizo.

Majani sasa

Ua likinyauka kwenye dafodili kata kichwa chake tu ili nguvu isiende kwenye mbegu, shina acha. Kwenye snodropu, sila na krokasi za tommasinianus usikate chochote maana mbegu ndo unazitaka, mbegu za snodropu na sila zina kipande cha mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, wanazibeba na kukupandia bure.

Alafu linakuja jaribu. Majani yatalala chini, yatakuwa marefu, ya njano nusu, bustani itaonekana haijachanwa nywele, na kila mgeni atakuuliza mbona huyakati. Usiyakate. Usiyafunge mafundo, usiyasuke (kuna watu wanayasuka kabisa na kuyafunga raba bendi, jani lililokunjwa halipati jua). Wiki sita kima cha chini, na bora zaidi ni mpaka yawe ya njano yenyewe na ukiyavuta yanatoka bila kubishana. Kwenye muda huo ndo kitunguu kinajaza akiba, na samma inapofika, ukidhani kimelala, kinatengeneza ua la mwaka ujao humo ndani. Ukikata mwezi wa nne, mwaka ujao unaletewa jani bila ua, na ukirudia tena kinapungua mpaka kinapotea, alafu unasema umeuziwa vibovu. Majani yakikukera panda mbele yake kitu kinachokua mwezi wa tano, yatajificha humo.

Hapa ndo mbolea ina maana: ile ya maji inayouzwa kwa ajili ya kulishia nyanya, yenye potashi nyingi, mara moja kwa wiki mbili kuanzia maua yanapoisha mpaka majani yanapoanza kugeuka, hasa kwenye vyungu ambavyo chakula kinaisha haraka. Springi ikiwa kavu mwagilia. Miaka ikipita shada likibanana mpaka maua yakapungua, chimbua utenganishe, snodropu fanya majani yakiwa mabichi bado, nyingine subiri majani yafe.

Sumu, na hili sio utani

Dafodili, snodropu, eranthisi, sila, zote zina sumu, na kitunguu ndo kina nyingi zaidi. Kitunguu cha dafodili kikiwa kwenye bakuli jikoni huwezi kukitofautisha haraka na kitunguu maji, na mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya England iliziandikia supamaketi kubwa kuziomba zisiweke dafodili karibu na mboga maana watu walikuwa wamekula na kuumwa. Fikiria bibi amekuja kutembea kutoka Tanga, haoni vizuri, anataka kuunga mchuzi. Weka gereji au stoo, na jina limeandikwa kubwa. Mtu akila na kuanza kutapika piga 111 kwa Uingereza, hali ikiwa mbaya 999, na kitunguu kilichobaki usikitupe, wataalamu watataka kujua ni kipi. Mtasikia pia kwamba snodropu na dafodili zina dawa ya kumbukumbu, ni kweli, galantamini inayotumika kwa wagonjwa wa Alzheimer's ilipatikana kwenye haya maua, lakini inatengenezwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu, usichemshe kitu. Ukiwa unapanda nyingi vaa glovu, utomvu wa dafodili unawasha ngozi.

Kwa wa baridi kali zaidi, Minnesota, Alberta, Ufini huko: anzeni mwezi wa tisa, vitunguu vinatakiwa vipate wiki kadhaa za kuotesha mizizi kabla ardhi haijaganda. Funikeni kwa majani makavu ardhi ikishaganda. Vyungu msiache nje wazi, vinaganda mpaka katikati, weka gereji isiyo na hita. Sila inavumilia baridi yenu vizuri sana, vizuri kupita kiasi, huko Minnesota na Wisconsin imetoroka bustanini na kujaa misituni, kwahiyo kama nyumba yako inapakana na msitu panda krokasi badala yake.

Na wa nyumbani mnaouliza kama unaweza kubeba kwenye begi: kisheria mimea inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, mamlaka ya kuuliza Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, usije ukanyang'anywa uwanjani. Ukivipata kihalali, krokasi na muskari unaweza kuzidanganya kwenye friji, mfuko wa karatasi, wiki 12 mpaka 15, mbali na ndizi na tufaha maana gesi ya matunda yanayoiva inaliua ua ndani ya kitunguu, alafu unapanda kwenye chungu mahali pa baridi kama Limuru, Lushoto au Njombe. Zitachanua mara moja, mwaka unaofuata hamna winta, hamna ua. Kwa bustani ya Afrika Mashariki mi ningetafuta Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara kama mpira linalotoka mvua zikianza, ni kitunguu cha kwetu kabisa, kinasubiri mvua kama hivi vinavyosubiri baridi. Kipande shingo ikiwa usawa wa udongo, kwenye kivuli chepesi, kiangazi usikimwagilie, na chenyewe kina sumu vile vile. Kisichimbwe porini, nunua kwenye kitalu au omba kwa mwenye nacho, kinazaa vitoto pembeni.